Mguu Uliokufa Ganzi na Kiatu Kinachohisi

Kidonda cha unyayo cha mgonjwa wa kisukari huanza mahali asipopaona, tena bila maumivu ya kumshtua. Sukari ikikaa juu katika damu kwa miaka mingi huidhoofisha mishipa ya fahamu, na ile mirefu kuliko yote, inayofika vidole vya miguu, ndiyo huathirika kwanza. Unyayo hufa ganzi. Kokoto iliyoingia kiatuni, msumari uliochomoza kwenye soli, mshono unaosugua ngozi: vyote hivyo huweza kukaa kutwa nzima bila mwenye mguu kujua. Soli ya ndani yenye vihisi, yaani kipande chembamba kinacholazwa kiatuni na kupima jinsi uzito wa mwili unavyougandamiza unyayo, ilibuniwa ili kumpa mtu huyo habari ambazo mishipa yake haimletei tena. Huonekana kuwa kitu cha zama za simu za mkononi, lakini asili yake ina umri wa karne moja na nusu.

Katika kila hatua mtu anayopiga kuna kitambo ambapo mguu mmoja hubeba mwili wote. Uzito hutua kisiginoni, hupita ukingo wa nje wa unyayo, hufika kwenye mto wa mbele chini ya mashina ya vidole, kisha humalizikia kwenye kidole gumba kinachousukuma mwili mbele. Mwenye fahamu timamu za mguu haachi mambo yajirudie vile vile. Akichoka hubadili mwendo, akiumia huchechemea, akisimama sana huhamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule, na yote hayo huyafanya bila kuyafikiria. Aliyekufa ganzi hana kinachomhimiza kufanya hivyo. Hukanyaga kwa namna ile ile, mahali pale pale, maelfu ya mara kwa siku. Misuli midogo ya mguu nayo hulegea, vidole hujikunja, na mafuta yaliyotandikwa chini ya mifupa husogea mbele na kuiacha mifupa ikikaribiana na ngozi. Ngozi hujikinga kwa kuota sugu; sugu hiyo ikinenepa huwa kama jiwe lililosahauliwa kiatuni. Chini yake damu huvuja, nyama hufa, na siku sugu inapopasuka kidonda huwa kimeshakomaa.

Wa kwanza kukigeuza kiatu kuwa chombo cha kupimia walikuwa wanafiziolojia wa Ufaransa. Étienne-Jules Marey, profesa katika Collège de France mjini Paris, alitumia maisha yake kutafuta namna ya kuufanya mwendo wa kiumbe hai ujiandike wenyewe kwenye karatasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1870, yeye na Gaston Carlet walitengeneza viatu vyenye soli nene ya mpira, na ndani ya soli hiyo wakaacha chumba cha hewa. Mguu ulipokanyaga, hewa ilibanwa ikapita katika mrija wa mpira hadi kwenye kiwambo chenye wenzo mwembamba, na ncha ya wenzo ikachora mstari juu ya karatasi iliyopakwa masizi na kuzungushwa kwenye silinda. Carlet alichapisha matokeo yake mwaka 1872. Mwaka uliofuata Marey alikieleza kifaa hicho katika kitabu chake La Machine animale, ambamo mna mchoro wa mtu anayekimbia huku ameshika mkononi chombo cha kuandikia hatua zake.

Marey hakuwa akitafuta tiba ya kidonda chochote. Alitaka kujua mguu hukaa chini kwa muda gani, na kwa nguvu kiasi gani, mtu anapotembea, anapokimbia na anapopanda ngazi. Hata hivyo, ukikichunguza kiatu chake, utaona kuwa sehemu zote tatu za soli ya leo zilikuwamo: kihisi chini ya unyayo, njia ya kupeleka habari, na chombo cha kuzihifadhi ambacho mtembeaji hukibeba mwenyewe. Kilichokosekana ni mtu wa kuihitaji habari hiyo kwa ajili ya mguu unaougua.

Matabibu walikuwa wakilikabili jambo hilo kwa upande mwingine, bila kujua lolote kuhusu viatu vya Paris. Mwaka 1884 Frederick Treves, daktari mpasuaji wa London, aliandika juu ya tiba ya kidonda kinachotoboa unyayo: ondoa sugu yote inayokizunguka, kisha mpumzishe mgonjwa asikikanyage. Miaka mitatu baadaye T. Davies Pryce alionyesha kwamba vidonda vya namna hiyo vinaweza kwenda pamoja na kisukari na kuharibika kwa mishipa ya fahamu. Wazo kuu la fani nzima lilikuwa limeshasemwa, yaani kwamba mguu huharibiwa na mgandamizo pale ambapo fahamu zimetoweka. Lakini wagonjwa wa kisukari wa enzi hiyo wengi hawakuishi muda mrefu kiasi cha kulifanya tatizo la miguu kuwa kubwa. Insulini ilipotumika kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza huko Toronto mwezi Januari 1922, hali iligeuka. Watu waliokuwa wakifa mapema kwa kuzimia kwa kisukari sasa waliishi miaka mingi, na miguu yao ikapata muda wa kuharibika. Elliott Joslin, daktari wa kisukari wa Boston, alitoa tahadhari kuhusu jambo hilo mwaka 1934 katika makala juu ya hatari ya kuoza kwa miguu, na alisisitiza kuwa wagonjwa wafundishwe kuiosha na kuichunguza miguu yao kila siku.

Vifaa vya kupima mgandamizo viliendelea kubuniwa, ila kwa ajili ya watu wenye afya. Katika miaka ya 1930 Dudley Morton na Herbert Elftman walifanya kazi hiyo mjini New York. Elftman alitandika mkeka wa mpira wenye chuchu ndogo juu ya kioo na kupiga picha za sinema kutoka chini, ili aone chuchu zikibanwa kadiri mguu unavyopita. Jeshi la Kanada nalo lilikuwa na shida yake: askari waliolalamikia miguu. R. I. Harris na T. Beath waliwapima askari hao kwa mkeka wa mpira uliopakwa wino, wenye vijistari vilivyoinuka kwa kimo tofauti. Palipokanyagwa kidogo, vijistari virefu pekee viliacha alama kwenye karatasi; palipokanyagwa sana, hata vile vifupi vilifika chini na alama ikawa nyeusi. Ripoti yao ilitoka 1947. Mkeka huo ni rahisi na hauhitaji umeme, ndiyo maana haujaachwa mpaka leo. Kasoro yake ni kwamba hupima hatua moja ya mguu usio na kiatu, ilhali kidonda huchimbwa na hatua elfu nyingi, mara nyingi ndani ya kiatu.

Mtu aliyeziunganisha njia hizi mbili, ya upimaji na ya tiba, aliibukia katika fani ambayo wengi hawakuitazamia, yaani ukoma. Paul Brand alizaliwa mwaka 1914 katika milima ya Kolli, India ya kusini, akiwa mtoto wa wamisionari Waingereza. Baada ya kusomea upasuaji London alirudi India mwaka 1946, katika chuo cha tiba cha Kikristo mjini Vellore. Wakati huo karibu kila mtu, hata madaktari, aliamini kuwa ukoma wenyewe ndio unaokula vidole na nyayo. Brand na wenzake waligundua kuwa nyama ya mkoma hupona vizuri ikipewa nafasi ya kupona. Kilichokosekana ni maumivu. Vimelea vya ukoma huua mishipa ya fahamu, na baada ya hapo mgonjwa hujijeruhi mwenyewe, siku baada ya siku, kwa kazi za kawaida kabisa: kushika chungu cha moto, kugeuza ufunguo uliokwama, kutembea maili nyingi juu ya kidonda.

Hata hivyo kulikuwa na majeraha yaliyokosa maelezo. Baadhi ya wagonjwa waliamka asubuhi wakiwa wamepungukiwa na sehemu ya kidole ambacho jioni kilikuwa kizima. Zamu ya usiku ilipowekwa kuwaangalia, ilionekana kuwa panya walikuwa wakija na kuvitafuna vidole vya watu waliolala bila kuhisi kitu. Tangu hapo wagonjwa walipewa paka wa kwenda nao nyumbani. Miaka mingi baadaye, mwaka 2005, madaktari wa Dar es Salaam wakiongozwa na Zulfiqarali Abbas walichapisha taarifa juu ya wagonjwa wa kisukari wa Tanzania walioumwa na panya miguuni usingizini. Magonjwa mawili yasiyo na asili moja, mabara mawili tofauti, na jeraha ni lile lile, kwa sababu kilichopotea ni kitu kimoja.

Brand alikaa na mafundi viatu wa India akatafuta namna ya kuusambaza uzito juu ya unyayo wote badala ya kuuacha ulalie sehemu moja. Makubadhi yenye soli ya mpira laini uliojaa vitundu vidogo vya hewa, yaliyochongwa kufuata umbo la mguu, yakawa kinga ya kawaida katika tiba ya ukoma, na kwa vidonda vilivyokwisha kufunguka mguu ulifungwa plasta ngumu iliyoushika pande zote ili mgonjwa aweze kutembea huku kidonda kikipona. Maarifa hayo yaliingia Afrika pia. Kituo cha ALERT kilichoanzishwa Addis Ababa mwaka 1965 kilifundisha wahudumu wa ukoma kutoka sehemu nyingi za bara hili kutunza mguu uliokufa ganzi na kuushonea kiatu chake.

Mwaka 1966 Brand alihamia Carville, Louisiana, katika hospitali ya taifa ya ukoma ya Marekani, na huko alipata maabara na wahandisi. Alitaka kujua hasa ni mgandamizo wa aina gani unaoharibu nyama. Kwa majaribio ya wanyama alionyesha kuwa nguvu ndogo, isiyoweza kujeruhi ikija mara moja, ikirudiwa maelfu ya mara kwa siku mahali pale pale huamsha uvimbe na joto, kisha hufungua kidonda. Akatenganisha njia za madhara: kitu chenye ncha kinachochoma kwa nguvu kubwa, mbano mdogo unaokaa muda mrefu na kuizuia damu isipite, na nguvu ya wastani inayojirudia kila hatua. Ya tatu ndiyo aliyoiona kuwa mharibifu mkuu wa nyayo. Mgawanyo huo ndio msingi wa vifaa vyote vilivyofuata, na bado haujapitwa.

Carville walitengeneza soksi zenye vidonge vidogo sana vya rangi. Mgonjwa alizivaa ndani ya viatu, akatembea, na mahali palipogandamizwa mno vidonge vilipasuka na kuacha doa. Walitumia pia kamera za joto, kwa kuwa nyama inayoelekea kuharibika hupata moto kabla ngozi haijachanika. Makala ya Brand na mwenzake Bergtholdt kuhusu njia hiyo ilitoka 1975. Kisha wakajaribu jambo kubwa zaidi, kutengeneza maumivu ya bandia. Vihisi vya mgandamizo vilishonwa kwenye glavu na soksi, na waya zikapeleka ishara kwa mgonjwa: mgandamizo ukizidi, mlio husikika sikioni.

Jaribio hilo halikufaulu, na namna lilivyoshindwa ni sehemu yenye mafunzo kuliko zote katika historia hii. Vihisi vya wakati ule viliharibika upesi kwa jasho na kukunjwakunjwa, lakini hilo lilikuwa tatizo dogo. Tatizo kubwa ni kwamba wagonjwa waliusikia mlio na wakaendelea na walichokuwa wakifanya. Mlio ulipobadilishwa kuwa mshtuko wa umeme, uliowekwa chini ya kwapa ambako fahamu zilikuwa hai, mgonjwa aliyetaka kumaliza kazi yake alizima kifaa, akafanya kazi, kisha akakiwasha tena. Watu hao walikuwa na akili timamu na walielewa vizuri hatari iliyopo. Brand alieleza mambo hayo katika kitabu chake cha 1993 kuhusu maumivu, alichokiandika pamoja na Philip Yancey, na hitimisho lake lilikuwa kwamba maumivu hulinda mwili kwa sababu mtu hana swichi ya kuyazimia.

Carville iliiachia tiba ya kisukari urithi mwingine, mdogo kwa umbo. Mwaka 1986 James Birke na David Sims walionyesha kuwa uzi wa nailoni unaopinda ukisukumwa kwa nguvu ya gramu 10 unaweza kuwatenga waliopoteza hisia ya kujikinga na wale ambao bado wanayo. Asiyeuhisi uzi huo unapogusa unyayo yumo hatarini. Leo ndicho kipimo cha kwanza katika kliniki za kisukari duniani kote, na wengi wanaokitumia hawajui kuwa kilipita mikononi mwa wagonjwa wa ukoma.

Upande wa kisukari, mwaka 1981 Michael Edmonds na wenzake walifungua kliniki ya mguu katika King's College Hospital, London, ambamo daktari, muuguzi, mtaalamu wa miguu na fundi viatu walifanya kazi chini ya paa moja. Taarifa yao ya 1986 ilionyesha kuwa utaratibu huo hupunguza sana kukatwa miguu. Naye Andrew Boulton alichapisha mwaka 1983 vipimo vya mgandamizo wa miguu ya wagonjwa wa kisukari wakitembea, na kikundi chake cha Manchester kikaendelea kulifuatilia jambo hilo. Utafiti wao wa 1992, ulioongozwa na Aristidis Veves, uliwafuatilia wagonjwa kwa muda na kukuta kuwa vidonda vya unyayo viliwapata waliokuwa na mgandamizo wa juu tangu mwanzo. Kabla ya hapo, mwaka 1989, walikuwa wamewapima wagonjwa wa baridi yabisi ambao miguu yao ilikuwa imepinda na kugandamizwa sana, na wakaona hawana vidonda. Maumivu yalikuwa yakiwalinda. Matokeo hayo mawili yakiwekwa pamoja yanaonyesha kuwa mgandamizo peke yake hautoshi kuleta kidonda. Hushirikiana na ganzi.

Elektroniki ndiyo iliyokirudisha kipimo ndani ya kiatu. Mjini Munich kampuni ya novel ilitumia vihisi vya kapasita: vipande viwili vinavyopitisha umeme, katikati yake tabaka laini linalobonyea, na kadiri tabaka linavyobonyea ndivyo uwezo wa kuhifadhi chaji unavyobadilika. Soli yake ya Pedar ina vihisi 99. Mjini Boston, Tekscan, iliyoanzishwa 1987 na kuanza na kifaa cha kupima jinsi meno yanavyokutana, ilichapa wino maalumu juu ya plastiki nyembamba. Wino huo ukibanwa, ukinzani wake wa umeme hupungua. Soli yake ya F-Scan, nyembamba kiasi cha kukatwa kwa mkasi ili ilingane na kiatu, ina nukta 960 za kupimia. Mwanzoni soli hizo ziliungwa kwa waya na kompyuta ya mezani, hivyo mgonjwa alipimwa kwa hatua chache tu ndani ya chumba. Mwaka 1992 Jacqueline Wertsch na wenzake wa Wisconsin walieleza mfumo wa kubebwa, wenye vihisi saba kwa kila mguu na kompyuta ndogo ya kiunoni, na mtu akaweza kupimwa akiwa katika shughuli zake kwa saa nyingi.

Kazi ya kwanza ya soli hizo ilikuwa kumsaidia fundi viatu. Kabla ya hapo alikata na kuchonga kwa kukisia. Sasa aliweza kuona kwenye kioo cha kompyuta mahali panapowaka rangi nyekundu, akapunguza hapo, akapima tena. Lengo lililokubalika ni kuushusha mgandamizo wa kilele ndani ya kiatu chini ya kilopaskali 200, kiwango kilichotokana na kuwapima watu waliowahi kupata vidonda na kukaa muda mrefu bila kuugua tena. Sicco Bus na wenzake wa Amsterdam walilijaribu jambo hilo kwa wagonjwa 171 katika utafiti uliotoka 2013. Matokeo ya jumla yalivunja moyo: katika miezi 18, asilimia 38.8 ya waliopewa viatu vilivyorekebishwa kwa vipimo walipata kidonda tena, dhidi ya asilimia 44.2 ya waliovaa viatu vya kawaida vya kushonewa, tofauti isiyotosha kuthibitisha lolote. Lakini miongoni mwa waliovivaa kwa angalau asilimia 80 ya hatua zao, idadi ilikuwa asilimia 25.7 dhidi ya 47.8.

Watafiti walikuwa wameficha ndani ya utafiti huo kipimo kingine chenye kufumbua macho. Kihisi kidogo cha joto kiatuni kilionyesha kama mguu umo au haumo. Wagonjwa walivaa viatu vyao kwa asilimia 87 ya hatua walizopiga nje ya nyumba, na kwa asilimia 61 tu ya hatua za nyumbani, ingawa nyumbani ndiko walikotembea zaidi. Hao ni Waholanzi. Katika mwambao wa Afrika Mashariki, na katika nyumba nyingi za bara, viatu huvuliwa mlangoni, msikitini na kwenye jamvi la msiba, na hiyo ni heshima ambayo hakuna daktari mwenye busara atakayemtaka mgonjwa aivunje. Hapa soli ya kiatu, hata iwe na akili kiasi gani, hubaki barazani.

Soli ya kumwonya mgonjwa mwenyewe, badala ya kumwelekeza fundi, ilirudi kuanzia mwaka 2010. Mwaka huo Breanne Everett, daktari aliyekuwa akisomea upasuaji wa kurekebisha viungo huko Calgary, Kanada, alishiriki kuanzisha kampuni ya Orpyx. Soli yao ilikuwa na vihisi vinane na ilipeleka ishara bila waya hadi kwenye saa ya mkononi. Ilitofautiana na vifaa vya Brand katika jambo moja la msingi, kwamba haikungoja kishindo kikubwa. Ilihesabu muda. Ikiwa sehemu fulani ya unyayo ilikaa chini ya mgandamizo wa zaidi ya milimita 35 za zebaki kwa karibu muda wote wa dakika 15 zilizopita, saa ililia na kuonyesha mahali penyewe, na mgonjwa akatakiwa kuketi, kunyanyua mguu au kutembea kidogo ili damu ipite. Milimita 35 za zebaki ni chini ya kilopaskali 5, kiasi kidogo sana ukilinganisha na zile 200 za viatu, lakini hutosha kuiziba mishipa myembamba ya damu. Kwa maneno mengine, soli hiyo ilishughulikia njia ya pili ya Brand, mbano mdogo wa muda mrefu, iliyokuwa imesahauliwa kwa sababu kila mtu alitazama kilele cha hatua.

Kikundi cha Manchester, kikiongozwa na Caroline Abbott na Neil Reeves pamoja na Boulton, kiliijaribu soli hiyo kwa watu waliokwisha kupata kidonda cha unyayo. Wote 58 waliochambuliwa walivaa soli zenye vihisi, ila 32 walipata maonyo na 26 hawakupata. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019 katika Lancet Digital Health: vidonda 4 katika kundi lililoonywa na 10 katika lile lingine, na ukilinganisha kwa siku za ufuatiliaji hatari ilipungua kwa asilimia 71. Kwa waliovaa soli saa 4.5 au zaidi kwa siku, upungufu ulifika asilimia 86. Utafiti ni mdogo, na waandishi wenyewe waliuita wa kuthibitisha wazo. Hata hivyo, safari hii mlio wa aina ile uliodharauliwa Carville ulionekana kuubadilisha mwenendo wa mtu kwa miezi mingi. Huenda siri ni kwamba haukumzuia kufanya kazi yake. Ulimwomba anyanyue mguu tu.

Njia ya joto nayo iliendelea. Lawrence Lavery na David Armstrong, nchini Marekani, waliwapa wagonjwa vipimajoto vya kugusisha unyayoni nyumbani. Sehemu moja ya mguu ikizidi mwenzake wa upande wa pili kwa zaidi ya nyuzi 2.2 za Selsiasi, mgonjwa alipunguza kutembea na kupiga simu kliniki. Majaribio yao yaliyotoka 2004 na 2007 yalionyesha vidonda kupungua sana. Soli za karibuni zaidi huchanganya mambo haya, zikipima mgandamizo, joto na idadi ya hatua, na kupeleka habari kwa muuguzi aliye mbali. Kuna jambo ambalo bado ni gumu kwa vihisi vingi: hupima nguvu inayoshuka wima, lakini si ile inayoivuta ngozi kwa mlalo pale mguu unapoteleza ndani ya kiatu, ingawa nguvu hiyo ya mlalo inajulikana kuchangia sana kuota kwa sugu na kufumka kwa ngozi. Vile vile jasho na joto la kiatu huvibadilisha vipimo kadiri saa zinavyopita, na betri hutaka kuchajiwa.

Uzito wa suala hili unaonekana katika takwimu. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kuwa watu wazima milioni 537 wana ugonjwa huo, milioni 24 kati yao katika kanda yake ya Afrika. Mapitio ya Armstrong, Boulton na Bus ya mwaka 2017 yanasema kati ya asilimia 19 na 34 ya wenye kisukari hupata kidonda cha mguu wakati fulani wa maisha, na kwamba kidonda kikipona, asilimia 40 ya watu hurudiwa ndani ya mwaka mmoja.

Tanzania iliingia katika kinga iliyopangwa kupitia mradi wa Hatua kwa Hatua, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000 katika India, Bangladesh, Sri Lanka, Nepal na Tanzania. Dkt. Abbas na wenzake wa Muhimbili waliwafundisha madaktari na wauguzi wa mikoani kuvua viatu vya mgonjwa na kuitazama miguu, kuigusa kwa uzi wa nailoni, kuparua sugu kwa wembe wa hospitali na kumfundisha mgonjwa na ndugu zake. Taarifa yao ya 2011 ilieleza kupungua kwa kukatwa miguu pale utaratibu huo ulipofuatwa. Hakuna elektroniki katika orodha hiyo. Kuhusu kiatu chenyewe, soli yenye vihisi huhitaji kiatu kilichofungwa, chenye nafasi ya kutosha ndani, kivaliwe saa kadhaa kila siku. Wagonjwa wengi wa ukanda huu huvaa kandambili, makubadhi, au katambuga na akala za mpira wa gari. Viatu hivyo vya wazi havina mahali pa kuilaza soli hiyo, na hasa kandambili, inayoshikwa kwa vidole viwili tu, humponyoka mtu aliyekufa ganzi bila yeye kujua. Kwa wagonjwa hao kinachopatikana ni makubadhi yenye kamba ya nyuma na soli laini, ya ukoo mmoja na yale ya Vellore, pamoja na jicho la mtu wa nyumbani linaloutazama unyayo kila jioni.